Namba ya Chini

Mimi presha ya kupanda, wewe ya kushuka.
Ndivyo alivyosema Sista Kokuhirwa
akigonga kioo cha mashine kwa kalamu.
Yangu juzi ilifika mia na themanini,
nikaona vimulimuli mchana,
wakakutoa kabla damu yangu haijatuua sote.
Yako usiku huu ni ishirini na tatu.
Ningekumegea.
Kama jirani anavyomega unga wa watu wawili
akisikia wageni wamefika, ningekumegea.

Nimepima mchele Tandale miaka kumi na mmoja.
Mkono huu unajua robo bila mzani,
unajua mchele wenye mawe, mchele ulionyeshewa,
na mchuuzi anayebonyeza sahani kwa kidole.
Lakini gramu mia nane na arobaini
sikuwahi kuziona zikipumua.

Ukanda wa presha umezunguka mguu wako,
mwembamba kama plasta ya kidole.
Unajaa, unabana, unaachia.
Kila robo saa unajaa, nami nabanwa.
Kwenye karatasi huna jina bado:
Mtoto wa Siwatu, wa pili kutoka dirishani.

Dokta Mnzava ana sauti ya mtu asiyelala.
"Mama, ulimbeba wiki ngapi?"
Ishirini na saba.
"Basi namba hii, siku hizi za mwanzo,
tunapenda isishuke chini ya wiki zake."
Nikatoa. Saba, toa tatu.
Deni la nne.
Nimewahi kulala na madeni makubwa kuliko hilo, nikaamka.
"Si mumwongezee maji," nikasema. "Dawa si mnayo?"
Akavuta kiti.
Akasema mishipa ya kichwani mwako
ni uzi wa buibui ulioloa:
damu ikipungua, ubongo unashinda njaa,
ikirudi kwa kishindo, uzi unakatika.
"Hatutibu namba, mama. Tunamtazama mwenye namba."
Akabonyeza kifua chako kwa ncha ya kidole,
akahesabu mpaka rangi iliporudi,
moja, mbili, tatu kasoro.
Kisha akasema tusubiri mkojo.

Mkojo!
Saa nane. Saa tisa.
Nje ya geti la Mwananyamala
muuza uji alikuwa ameshawasha jiko.
Saa kumi kasoro Sista akaifungua nepi,
akaiweka kwenye mzani mdogo wa bluu,
akatoa uzito wa nepi kavu
kama mimi ninavyotoa uzito wa gunia.
"Gramu saba. Amekojoa, mama yake!"
Nimeuza tani.
Sijawahi kushangilia gramu saba.
Nilijitia kanga mdomoni nisiamshe wodi.

Siku ya tatu namba ilisimama thelathini.
Siku hiyo hiyo Dokta akaja na mashine yenye jeli,
akaiweka utosini, pale panapopwita,
pale ambapo bibi yangu angepaka mafuta ya nazi.
Upande wa kulia, giza safi.
Kushoto, doa jeupe,
dogo kama chenga ya mchele.
"Ni damu kidogo. Huenda mwili ukainyonya,
huenda isiache kitu."
Na ikiacha?
Akafuta jeli kwa pamba, taratibu,
mpaka nywele zako zikakauka.
"Tutapima tena Jumatatu."

Chenga, mwanangu, mimi huzipepeta
nikawauzia wapika vitumbua.
Sijawahi kuzitupa.

Leo wamekulaza kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi,
mipira yako yote imepita begani.
Yangu bado ya kupanda,
wananipa kidonge asubuhi na jioni.
Mgongo wako wote umeenea kiganjani,
na chini ya kiganja kuna kitu kinapiga
haraka, kama mtu aliyechelewa.

Ukanda unajaa, unabana,
unaachia.
Nimeapa sitazami kioo.

Thelathini na moja.