Kadi Imelala

Nilivunja kibubu, nikauza na mbuzi wa mama,
nikaagiza kadi ya picha kutoka Kariakoo.
Ikaja na basi la usiku, imeviringwa blanketi
kama mtoto wa watu.
Nzito. Feni tatu. Taa zake peke yake
ziliwaamsha majirani zangu wa Pasua.

Siku ile watoto walijaa hadi mlangoni.
Nikabonyeza. Gemu likafunguka,
magari yakang'ara, matone ya mvua juu ya boneti
ungeyahesabu.
Kisha tulipoingia sokoni, penye watu,
picha ikakwama.
Ikaenda. Ikakwama.
Kama mtu mwenye kwikwi anayesimulia ajali.

"Umeibiwa," akasema Kundaeli, miaka kumi na mbili,
ambaye hajawahi kununua hata chaja.

Nikamwita fundi Ndeshi wa Kiboriloni.
Hakushika bisibisi. Alivuta kiti,
akafungua chati, akanionyesha kwa ncha ya kalamu:
"Prosesa: tisini na tisa, mia, tisini na tisa.
Kadi: thelathini na nane.
Kadi yako imelala, kaka. Inakula mshahara wa bure."

Sikukubali. Akapandisha ubora wa picha,
wa kati hadi wa juu, wa juu hadi wa mwisho kabisa.
Mwendo haukupungua hata fremu moja.
"Waona? Mzigo huo hata haijausikia.
Tatizo ni huyu humu ndani," akagonga kasha,
"karani wa ofisi uliyemnunua mnadani,
aliyezoea kuandika risiti.
Kila gari, kila mpita njia, kila ukuta wa kugongwa,
apige hesabu yeye kwanza
ndipo kadi ichore."

Nikakumbuka mfongo wetu kule Kibosho.
Baba alipanua mfereji wa shambani
hatua mbili nzima, akajenga kingo kwa mawe,
na migomba ikaendelea kunyauka,
maana kule juu, kwenye banio,
jiwe lilikuwa palepale
na hakuna aliyepanda kulitazama.

Ndeshi akataja bei ya prosesa,
kisha ya ubao mama, maana mpya haikai soketi ya zamani,
kisha ya ramu, maana ubao mpya hauli ramu ya zamani.
Nikamwomba anyamaze kidogo.

Usiku huu niko peke yangu mezani.
Watoto tisa, skrini nne,
daftari moja. Naandika jina,
napokea mia mbili, natafuta chenji,
naamua ugomvi wa pedi, naangalia saa.
"Bro, zamu yangu!" Bado.
"Bro!" Bado.
Skrini mbili zinawaka tupu,
zinangoja nimalize kuhesabu.

Kundaeli ameegemea mlango, ananitazama.
"Bro," anasema, "wewe uko asilimia ngapi?"

Mia, namwambia. Kaa chini.