Unywele Mmoja Nyuma

Duka liko ghorofani, Dundee, mtaa wa mteremko,
juu ya muuza pai. Ngazi ishirini na mbili
nazipanda kwa magoti ya zamu ya usiku,
koti limelowa mvua ya huku,
isiyonyesha wala isiyokatika.

Masanja mwanangu alicheka nilipomwaga akiba mezani:
"Mama, mashine ya diski? Leo hii?
Muziki wote umo simuni, tena bure."
Nikamjibu, cha bure nimekishiba.
Miaka kumi na mmoja nimesikiliza
kidude cha plastiki cha mnada wa kanisa,
basi likipita nje, wimbo unaruka.

Murdo, mwenye duka, hakuuliza nina pauni ngapi.
Aliuliza: umekuja na diski yako?
Ninayo. Nimeiviringishia kanga.
Bendi ya wafanyakazi wa reli, Tabora,
kanda ya zamani aliyoihamisha Kulwa, mpwa wangu.
Baba yumo humo, anapiga manyanga.
Ndivyo alivyotuambia. Hatujawahi kumsikia.
Mama alikufa bado akimtania:
"Mpiga manyanga wa hewani."

Mashine ya kwanza, nyembamba, taa za buluu
kama gari la wagonjwa.
Ulimi wake ulitoka kwa papara,
ukaimeza diski kama mtoto aibaye sukari.
Tarumbeta zikanijia usoni, ngoma zikajaa chumba.
Sikatai, nilipenda.
Baba hakuwepo.

Ya pili, bei yake Murdo aliitaja kwa kunong'ona.
Kila sauti imepigwa pasi, imekunjwa, imewekwa mahali pake.
Hata jasho la ukumbi lilikuwa limekaushwa.
"Tamu," nikasema, "kama chai ya kwa wakwe."
Nikatazama viatu vyangu.
Baba, kimya.

Ya tatu ilikuwa mtumba, ina mkwaruzo ubavuni.
Murdo aliibeba kwa mikono miwili, akishusha pumzi.
"Uzito ndio heshima yake," akasema.
"Diski haiyumbi, jicho linasoma bila kigugumizi.
Kigeuza sauti chake cha kizamani, hakijui kupamba."
Droo ilifunguka polepole,
kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu,
na ilipojifunga ikalalamika kidogo.

Akabonyeza.

Ukumbi ulifika kabla ya bendi:
kiti kinaburutwa, mtu anakohoa,
chupa inagonga chupa.
Kisha gita, kushoto. Besi chini, nikasikia hadi kucha kwenye uzi.
Na nyuma kabisa, karibu na mlango nadhani,
chaka, chaka,
amechelewa.
Kila mpigo, unywele mmoja nyuma ya wenzake.
Mzee aliyetuchapa kwa kuchelewa shule!

Nilicheka mpaka Murdo akaniletea kiti.
Hakikuwa kicheko kitupu, lakini hayo tuyaache.

"Huyo wa manyanga," akasema kwa upole,
kama daktari mwenye majibu mkononi,
"hayuko sawa na bendi.
Ukichukua ile ya pili, hatakusumbua."
Nikamwambia: nifungie huyu huyu.
Pauni mia tatu na themanini.
Waya alinipa bure. Bure hiyo niliipokea.

Ndani ya basi niliipakata,
baridi yake ikinipenya mapajani,
mwanamke wa kiti cha mbele akageuka mara mbili
kutazama ninachosemesha.

Saa tatu usiku, sare ya kazi tayari mwilini,
nikaipa diski yake.
Masanja akasimama mlangoni, masikio yamezibwa.
Akachomoa kimoja.
"Nani huyo anayewaharibia?"
"Babu yako."
Akachomoa cha pili.