Mali Kauli

Jopo lauliza swali: "Utafiti wako nini?"
Najibu: "Mali kauli, isiyo hati sokoni;
kwa nini wa pilipili, Kongowea, huamini
mteja wake wa mbali, kwa neno la mdomoni."

Wenzangu wana bahati, mada zao zina soko:
Badi apima ripoti, Tima hisa na anguko.
Mimi niliketi, keti, juu ya gunia huko,
nikipiga chafya. "Eti hiyo ndiyo data yako?"

Mwanamisi kaniona, kanipimia bizari.
"Wamekuchukua, mwana?" Nikanyamaza. "Subiri."
Nikasema, "Pesa sina." Akafunga kwa hadhari.
Hakuniandika jina. Nami ni data, nakiri.