Pishi ya Baba

Baba alipokufa tuligawana.
Anselmi akachukua baiskeli na mabati ya banda,
Bibiana cherehani, kitanda, na saa isiyokwenda.
Mimi niliyechelewa meli nikabakishiwa pishi

na gunia moja la karafuu lililosahauliwa uvunguni.
Pishi ya bati, mdomo umeliwa na kutu.
Nikatia mkono ndani kutafuta kitako,
nikakikuta chini zaidi ya pale macho yalipodhani.
Kimepigwa nyundo kutoka ndani,
polepole, na mtu mwenye subira,
mpaka kikatoa tumbo.

Konzi mbili. Nilipima.
Konzi mbili za karafuu mbichi kwa kila pishi,
pishi sita kwa siku, saba kwa mwenye mikono myepesi,
siku arobaini za msimu, wachumaji kumi na mmoja...
Hesabu sikuimaliza. Niliiacha mezani
kama chakula nilichokuta unywele.

Nimekulia ndani ya konzi hizo mbili.
Ada ya shule Weti. Viatu vyeupe vya Komunyo.
Hata mshumaa wake wa Pasaka, mrefu kuliko yote
katika kanisa letu la watu kumi na wanane;
akasimama nao mbele,
nta ikimdondokea kidoleni, asishtuke.

Na alisali, baba. Asiseme mtu hakusali.
Kila alfajiri, adhana ikishanyamaza bondeni,
alipiga magoti akaomba mkate wa leo.
Wa leo, alisema.
Na uvunguni magunia tisa yakingoja bei ya mwakani.
Chumba kilinukia mpaka mama akaumwa kichwa,
akahamia ukumbini kulala na sisi,
akafia huko.

Kwaresma hii wenzangu wanaacha sukari, wanaacha nyama.
Mimi niliifunga pishi ndani ya khanga, kama mtoto mgonjwa,
nikaenda nayo Kangagani kwa Mize Asaa.
Alikuwa akipepeta. Aliiona, akacheka mpaka ungo ukamtoka.
"Mjamzito huyo! Hajazaa tu?"

Kumbe ilikuwa na jina.
Misimu ishirini na miwili walilitaja huko juu,
tawi hadi tawi, na baba chini na daftari lake
akiitikiwa salamu.
"Mbona hamkusema?"
"Tumwambie nani? Mwenye pishi ndiye kadhi."

Nikauza lile gunia. Nikauza na hereni.
Nikanunua mchele, nikakaa kizingitini kwa Mize,
nikapima kwa pishi ile ile.
Pishi ya Time Faki. Pishi ya Kombo,
ambaye mguu haukurudi sawa tangu aanguke mkarafuuni.
Pishi za wajukuu wa waliokwisha kuzikwa.
Kila nikiinamisha, tumbo lile linatoa zaidi ya ahadi ya macho,
konzi mbili, tena konzi mbili,
na Mize, hacheki sasa, akasema:
"Haya. Kazaa."

Ningependa kuishia hapo.
Lakini kwenye pishi ya tisa, mchele umesimama kilima,
mkono wangu, sikuutuma,
ulinyooka wenyewe ukapiga mfuto,
ukakirudisha kilele guniani.
Safi, haraka, kama uliofundishwa.
Mize aliona. Akageuka kutazama kuku.

Bwana, masanduku yangu yako wazi,
doti saba zisizowahi kuguswa na maji
nimezitoa, na bado najiona mzito.
Pishi ni bati tu. Urithi ni huu mkono.
Usiukate. Nina haja nao, kesho nakwenda tena kupima.
Ukae juu yake kama nzi,
uusumbue,
kila unapotaka kufuta.