Sikio la Kushoto

Jumanne napanga vitabu, duka la hisani la Heeley, Sheffield,
chumba cha nyuma, kati ya mashine ya mvuke ya kunyooshea nguo
na gunia la viatu visivyo na wenzake.
Vya upishi huku. Vya vita huku. Vya watoto kwenye kreti la ndizi.
Na rafu moja ya chini, karibu na hita iliyokufa,
ni ya vile vinavyokufundisha kuwa msanii.

Vinakuja kwa wingi Januari, kama mafua.
Majalada ya manjano: jua, mbawa, mlango ulio wazi.
Amka kabla ya kengele, vinasema.
Iandikie hofu yako barua, uibandike stempu.
Kitengee kipaji chako kiti, ni mgeni huyo.
Nilikitenga. Paka wa Doreen Hattersley akakikalia
wiki tatu, akaniachia manyoya.

Sivicheki. Nimevinunua vingi mimi mwenyewe,
peni hamsini kimoja, bei ya mfanyakazi,
nikavisoma kwenye basi la kupanda mlima
mkono ukiniwasha kuchora.
Nikifika nyumbani,
ule muwasho umeshashuka kituo cha nyuma.

Kitabu cha kuogelea hakijamlowesha mtu.
Hilo nililiandika ukutani, nikajiona nina hekima,
kisha nikakaa miezi minne bila kugusa rangi,
mimi na hekima yangu, tunatazamana.

Jambo nililoligundua kwa kupanga:
kila kimoja kimepigiwa mistari mpaka mahali fulani.
Ukurasa wa kumi na mbili, kalamu nyekundu, nyota pembeni.
Wa ishirini, mstari mwembamba.
Wa thelathini na mmoja, nusu ya sentensi,
halafu weupe, weupe hadi jalada la mwisho,
kurasa bado zinanatana.
Nawaona wenye vitabu hivyo, wamelala taa ikiwaka,
kitabu kifuani,
kesho zamu ya saa kumi na mbili asubuhi.

Mimi hukwama ukurasa wa arobaini. Tuseme nimejitahidi.

Mwezi wa tatu, ikinyesha ile mvua isiyoanguka, inayoning'inia tu,
nilifungua kimoja kisicho na jalada.
Mistari ilikoma mapema, kama kawaida.
Nikazipitisha kurasa kwa kidole gumba, natafuta noti iliyosahauliwa,
na huko, karibu na mwisho,
pembeni, kwa penseli:
Leo nimechora sikio la kushoto. Baya.
Na sikio lenyewe, chini yake. Baya kweli.
Andazi lililokanyagwa.

Wala halikuhusiana na maneno ya ukurasa ule,
yaliyokuwa yakizungumzia bahari ya ndani, sijui mawimbi ya nafsi.
Mtu alikuwa amekosa karatasi, basi.
Au mwandishi alimchosha, mkono ukajitafutia kazi.
Nilisimama pale mpaka Bronagh akauliza
kama nimekuta nyoka kwenye boksi.

Kwa hiyo ukiniuliza, vinasaidia?
Mama mkubwa angesema bandu bandu huisha gogo,
asiseme nani atakuletea shoka asubuhi ya Jumatano.
Sijui. Labda vinasaidia kama ukuta unavyomsaidia mlevi:
haumfikishi nyumbani,
ila kuna hatua tatu alizopiga akiushika.

Usiku ule, meza ya jikoni, bomba likidondoka,
nilitoa penseli ya kuandikia bei
nikachora la kulia.
Lilitoka kubwa mno, tundu lake kama mfuko wa koti.
Nikaandika: Hili langu. Baya vilevile.
Jumanne nikakirudisha kwenye rafu ya chini, pauni moja.

Kiliuzwa Alhamisi, siku nisiyokuwepo.
Bronagh hakumbuki kwa nani. Mtu mwenye koti, anasema,
kana kwamba Sheffield kuna mtu asiye na koti.

Tangu hapo nimehamia pua.
Nimechora pua kumi na moja.
Ya tisa ndiyo afadhali.