Gumba

Al-Hamra bado imejifunika shuka la giza
nami nakaza skrubu nne, kwa bisibisi na kwa mate.
Kamera, nzito kama pakiti ya tende,
inakaa kwenye ncha ya mpini wa mita mbili
unaochomoza ubavuni mwa kiti cha Yaarub
kama mkono wa mtu aombaye lifti.
Utepe mweusi, raundi tatu.
Halafu kamba ya usalama,
maana ikidondoka kule juu
mbuzi wa watu hawataniuliza ilikuwa ya kampuni gani.

— Umekaza?
— Nimekaza.
— Mara mbili?
— Yaarub, niache.

Katika kundi zima la warukaji
Kiswahili tunacho sisi wawili tu:
Kiswahili cha jikoni kwa mama zetu,
kilichokuja huku ndani ya sanduku la bati
pamoja na mbuzi ya kukunia nazi
katika nchi isiyo na minazi ya kutosha.
Redioni, akiita "Bonyeza!",
wenzetu walidhani mwaka mzima
ni jina la mchumba wake.

Wao wanapanda na gari hadi ukingoni.
Mimi nabaki chini, bondeni Ghul,
juu ya jiwe lililokwisha kupata moto,
rimoti kiganjani, ndogo kuliko kibiriti.
Sioni inachokiona kamera.
Ndiyo kazi yangu: kupiga picha kwa upofu,
kukisia jua limefika bega gani,
kivuli chake kimegusa lini ukuta wa mlima,
na kungoja sauti.
Bonyeza.
Nabonyeza.
Bonyeza.

Bawa jekundu linazunguka, linapinduka,
miguu yake inapita juu ya kichwa cha dunia
kisha inarudi, kwa adabu, mahali pake.
Bonyeza.

Kisha hewa ya moto ikapanda kwa pupa
na upande wa kushoto wa bawa
ukajikunja, taratibu kabisa, kama ukurasa
ambao mtu amechoka kuusoma.

Redio kimya.

Akaanza kujisokota, kamba kwa kamba,
akawa pia, akawa pia inayoanguka,
mara kitambaa cheupe kikamtoka kifuani
na kufunguka, chini mno, chini mno,
lakini kikafunguka.

Tulimkuta kwenye shamba la majani ya ng'ombe.
Mofizul, mfanyakazi wa shamba, alikuwa amefika kwanza,
anamnywesha maji kwa mdomo wa birika
huku akimsuta kwa Kibangla, kama mtoto aliyechelewa chakula.
Kifundo cha mguu kimevimba. Meno yote yapo.
Akaniangalia, na neno lake la kwanza
halikuwa alhamdulillahi.
Likawa: — Umepata?

Nilikuwa nimepata.
Kidole kimoja hakivunji chawa, twaambiwa,
lakini changu, peke yake,
kilibonyeza mara kumi na tisa
ndani ya sekunde ambazo hakuna aliyeniita.
Sikumbuki kukiamuru.
Nakumbuka tu ukucha umekuwa mweupe.

Usiku, kituo cha mafuta njia ya Nizwa,
chai ya maziwa kwenye vikombe vya karatasi,
kompyuta juu ya boneti.
Anazipitisha moja moja, hasemi.
Ya sita: kamba zimemfunga shingo ya koti.
Ya kumi na moja: mkono unatafuta kishikio,
na uso, wallahi, hauna hofu,
ni uso wa mtu anayejaribu kukumbuka
jina la jirani wa zamani.
Nilijua, kabla chai haijapoa,
kwamba sitapiga tena picha nzuri kama ile,
na kwamba natamani isingekuwepo.

Ya kumi na nne ndiyo iliyomsimamisha.
Chini ya kiatu chake, mbali,
kitone cha buluu katikati ya kokoto.
Akakivuta kwa vidole viwili, akakivuta tena,
mpaka kikavunjika kuwa miraba:
mtandio, magoti, mkono mmoja.
Ameketi. Wala hajasimama.

— Huyu nani?

Nikapuliza chai iliyokwisha kupoa.
— Jiwe, nikamwambia.
Nikakikunja kidole gumba ndani ya ngumi.