Hata Kisanduku

Kibuye, duka la kuchapa, mvua ya saa kumi.
Mwanafunzi wa Maseno kaleta tasnifu kwenye flashi;
ukurasa wa tisini, palipokuwa na herufi,
visanduku vitupu, safu nzima.

"Umezifuta, Mama Apondi?"

Sijafuta. Herufi ipo. Iulize namba yake:
moja, sita, A, sifuri.
Kilichopotea ni sura, si mwenyewe.

Nikatafuta fonti, nikaipachika.
Ikasimama: shina moja, matawi mawili yakipanda kulia,
mistari mikavu isiyo na pindo,
maana kisu juu ya ubao hakipendi duara.
"Hii huitwa ng'ombe," akasema. "Au mali."
Nikacheka. Kumbe hata huko kwenye theluji
hesabu ilianzia zizini!

Usiku nikageuza chungu cha mama.
Kwenye kitako, mikwaruzo mitatu na nukta:
alama yake. Sokoni Oyugis
ilitosha kuwa risiti.

Nimeipekua majedwali yote, hadi stima ikapotea.
Waliokufa miaka elfu wamepewa viti, wameketi.
Mama hana namba,
hana hata kisanduku.